Wiki Tano Kati ya Mundu na Benki

Ufuta haukatwi jua likiwa limepanda. Mama yangu, ambaye amelilima shamba letu la Nachingwea tangu kabla sijazaliwa, hutuamsha saa kumi na moja alfajiri ili tufike shambani umande ukiwa bado haujakauka, kwa kuwa ni umande huo unaolainisha vitumba, yaani maganda yenye punje, na kuvizuia visipasuke mundu unapopita. Ikifika saa tatu hutuamuru tuache, hata kama imebaki safu moja tu. Mara moja, nikiwa mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye haraka ya kumaliza kazi, nilijifanya sikusikia nikaendelea kukata. Nilipouinua mganda wa mwisho nilisikia mlio mwembamba kama mvua inayoanza kudondoka juu ya makuti, na nilipotazama chini nikaona udongo mwekundu umetapakaa punje nyeupe ambazo hakuna mkono wa mtu ungeweza kuziokota. Mama hakunigombeza. Alinionyesha sisimizi, ambao tayari walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na punje yake.

Punje elfu moja za ufuta hazifiki gramu nne, kwa hiyo kila kilo inayotajwa mnadani ni zaidi ya punje laki mbili na nusu, na kila punje imeponea chupuchupu mara nyingi: shambani, kwenye chanja, kwenye turubai, kwenye ungo, kwenye kiroba chenye tundu. Nimezihesabu hasara hizo kwa miaka mingi, na nimekuja kuona kwamba iliyo kubwa kuliko zote haipatikani katika sehemu yoyote kati ya hizo. Hutokea mavuno yakiwa yamekwisha kufungwa, katika zile wiki nne au tano ambazo mazao yapo na pesa haipo. Hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu mwaka uliofuata msiba wa baba ilitupata sisi wenyewe, nami nikiwa nimekaa barazani naitazama.

Ninaishi Lindi mjini kwa ajili ya kazi, na kwa miaka minane sasa nimekuwa nikichukua likizo yangu mwishoni mwa Mei, jambo ambalo wenzangu ofisini hawaachi kunicheka, kwamba mtu hupumzika kwa kuinama. Watu wa mbali wakisikia Lindi na Mtwara hufikiria korosho, wala hawakosei, lakini minada ya korosho huanza Oktoba, na pesa yake ikishalipa ada, bati na madeni ya dukani, haivuki Machi. Katikati kuna miezi mirefu. Mwenye mbaazi atauza baada ya ufuta, mwenye muhogo anao wa kula, lakini shilingi ya katikati ya mwaka, ile ya kununulia sare, salfa ya mikorosho na dawa ya mtoto, kwa nyumba nyingi za Nachingwea, Ruangwa, Liwale na Kilwa inatoka kwenye ufuta.

Habari za kupanda na kupalilia nitazipita haraka. Tunapanda kati ya Januari na Februari mvua zikiwa zimeshika, ili mmea ukomae mvua zikikatika. Mbegu yetu ni Lindi 2002, mojawapo ya zile zilizotoka katika kituo cha utafiti cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na mama huichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuisia ili isimiminike yote mahali pamoja. Kisha kuna kupunguza miche, kuna palizi, na kuna vita na vijidudu vinavyorukaruka kama viroboto, ambavyo hutoboa majani ya miche michanga yakabaki kama chujio. Aliyewahi kulima anaijua kazi hiyo, na asiyewahi hataijua kwa kusimuliwa.

Maarifa yenyewe yako kwenye kuvuna. Ufuta huchanua kuanzia chini kwenda juu, nao hukomaa vivyo hivyo, hivyo siku ambayo vitumba vya chini vimekauka na vinataka kufumbuka, vile vya juu bado ni vya kijani na punje zake hazijajaa. Hakuna siku ambayo mmea mzima uko tayari. Ukiwahi kukata unapata punje nyembamba zinazopeperuka pamoja na makapi. Ukichelewa umewalimia sisimizi. Mama huanza kulizunguka shamba wiki nzima kabla, akiyatazama majani yanavyogeuka manjano na kupukutika kutoka chini, halafu huchuma kitumba kimoja kilicho juu kidogo ya nusu ya shina, hukipasua kwa ukucha wa kidole gumba, na punje huziweka ulimini. Mwaka mmoja nilimwuliza anasikilizia nini pale mdomoni. Akanipasulia kitumba kingine, akaniambia, "Onja na wewe." Nilionja, nikapata ladha ya ufuta.

Ni tabia hii ya kufumbuka iliyoufanya ufuta wetu ubaki kuwa zao la mikono. Ngano ya kule Hanang hukauka imesimama, ikisubiri mashine ije kuikata, kuipura na kuipepeta kwa mpito mmoja. Ukiupeleka ufuta wa kwetu mbele ya mashine ya namna hiyo, utavuna mabua. Mwaka 1943, kule Venezuela, mtafiti Derald Langham aliupata mmea wa ufuta ambao vitumba vyake havifumbuki kabisa, na ungedhani tatizo limekwisha, lakini vitumba hivyo vilikuwa vigumu mno kiasi kwamba kuzitoa punje ndani yake kukawa kazi nyingine. Sisi wa Nachingwea, hata hivyo, tuna sababu yetu wenyewe ya kutobabaishwa na mashine. Hapa ndipo Waingereza walipoleta sehemu ya mpango wao wa karanga, ulioanza mwaka 1947 Kongwa, kisha Urambo na huku kusini, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja kwetu ili karanga hizo zipate njia ya kutokea. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kutelekezwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Babu yangu alifanya kibarua katika kung'oa visiki vya mashamba hayo, na hadi anakufa alikuwa akisema kwamba hajawahi kuona watu waliosafisha pori kubwa namna ile na kula karanga chache namna ile.

Basi, tukishakata, tunafunga miganda midogo, kila mmoja wa kukumbatika kwa mkono mmoja, na kuisimamisha ikiegemea chanja, vitumba vikitazama juu. Kutazama juu ni sharti, kwa sababu kitumba hufumbukia kwenye ncha, na mganda uliolala huanza kumwaga siku ya tatu. Hapo husimama kwa wiki mbili hivi, na hizo ndizo wiki ambazo mama hapendi kuona wingu. Mvua ya mwishoni mwa Mei ikipiga miganda iliyokwisha kufumbuka, punje hubadilika rangi na kunuka uvundo, na ufuta uliokuwa mweupe huwa wa kijivu. Tumewahi kupatwa mara mbili. Mara ya pili baba alitoa shuka za vitanda vyote vinne akatandaza juu ya chanja, na usiku ule tulilala juu ya mikeka tupu tukisikiliza matone.

Miganda ikikauka tunatandika turubai, na mmoja wetu huuchukua mganda, huugeuza kichwa chini na kuupigapiga kwa kijiti, si kwa nguvu, mara tano au sita. Punje zinavyomiminika hazifanani na nafaka nyingine yoyote ninayoijua. Hutiririka kama maji, hutafuta kila bonde la turubai na kujikusanya humo, huingia kwenye mikunjo ya suruali na ndani ya viatu, na usiku unapovua nguo unazisikia zikidondoka sakafuni. Mganda mmoja haumaliziki siku moja. Unarudishwa kwenye chanja, baada ya siku chache unapigwa tena, na wenye subira huupiga mara ya tatu. Ndipo unakuja upepo wa kusi, ambao wakati huo wa mwaka huvuma kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa, na mama husimama na ungo wake akiupa mgongo upepo, makapi yakienda zake na ufuta ukianguka mbele ya miguu yake.

Hapo kwenye turubai ndipo mchanga huingilia, na mchanga nitausimulia kwa sababu ulituaibisha. Punje ya ufuta na chembe ya mchanga wa Nachingwea zinakaribiana ukubwa, na upepo hauwezi kuzitenganisha, kwa kuwa mchanga ni mzito na huanguka pamoja na ufuta. Njia nafuu ni kutouruhusu uingie: turubai lisiwe na tundu, mtu asipande na viatu, watoto wasipite wakikimbizana. Mwaka ninaousimulia baba hakuwepo tena, turubai lilikuwa la zamani, na mimi niliyedhani naijua kazi nilikuwa ndiye msimamizi. Tulipoufikisha mzigo wa kwanza kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, karani aliingiza mkono hadi katikati ya kiroba, akatoa ukufi mmoja, akaumimina ndani ya bakuli la maji, akakoroga kwa kidole. Ufuta ulielea juu kiasi, mwingine ukazama taratibu, na chini kabisa pakabaki utando mwekundu wa mchanga. Alinitazama bila kusema neno. Viroba sita vilirudi nyumbani kwa toroli lilelile lililovileta, nasi tukachekecha kwa siku mbili.

Nilikasirika siku ile, lakini sasa naona karani alikuwa na haki. Ufuta wa vyama vyote huchanganywa ghalani, na mnunuzi anayeupeleka China au Japani hanunui kiroba cha mama yangu, ananunua tani zilizochanganyika, hivyo mchanga wa mmoja hushusha bei ya wote. Ninachokilalamikia ni kwamba karani huyohuyo, wiki iliyofuata, aliupokea mzigo wa mtu wa ukoo wake bila kuugusa. Hayo yapo, na kila mwanachama wa ushirika anayesoma hapa ana yake ya kusimulia.

Kwa wasiojua utaratibu, ufuta wetu unauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao ulianzia kwenye korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/08 chini ya sheria ya mwaka 2005, kisha ukaja kwenye ufuta. Mkulima hupima mazao yake katika chama cha msingi, yaani AMCOS, na hupewa karatasi yenye jina lake na kilo zake. Chama hukusanya hadi gari lijae, mzigo huenda kwenye ghala kuu, na mwendesha ghala hutoa stakabadhi kwa chama. Kisha hutangazwa mnada. Zamani bahasha za zabuni zilifunguliwa mbele ya wakulima waliokaa chini ya miembe. Miaka hii zabuni huingia kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na bei husomwa kutoka kwenye skrini, ingawa wakulima bado hukusanyika na bado huulizwa kama wanaikubali au wanaikataa. Bei ikikubaliwa, mnunuzi hulipa, makato hukatwa, na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mkulima benki. Katika makato hayo ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, kwa hiyo kilo iliyouzwa shilingi 3,000 imeacha shilingi 90 wilayani kabla hujagusa fungu la chama cha msingi, chama kikuu, ghala na usafiri.

Mimi ni mtetezi wa mnada, nalisema hilo bila kuficha. Nimekua nikiona wanunuzi wakija mlangoni na mizani zilizochezewa, na ninakumbuka baba akikubali bei aliyotajiwa kwa sababu hakuwa na bei nyingine ya kulinganisha nayo. Skrini ile imewapa watu kitu ambacho hawakuwa nacho: kujua. Lakini hesabuni siku. Tangu miganda ya kwanza ikatwe hadi ufuta ufungwe ni wiki tatu. Tangu ufungwe hadi gari la chama lijae, mnada uitishwe, mnunuzi alipe na benki ipeleke pesa, mwaka ule zilikuwa wiki tano. Mkulima aliyemaliza akiba yake mwezi Aprili anakaa ndani ya nyumba yenye viroba kumi vya mali, na hana shilingi ya chumvi.

Wiki hizo hazikai tupu, kwa kuwa ndizo pia wiki za shughuli. Likizo ya Juni ndiyo majira ya jando na unyago, watoto hawana shule, chakula kimeingia ndani, na usiku ngoma husikika kutoka kila upande. Mwaka ule mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, alikuwa ametimiza umri, na kwetu Wamwera mjomba hawezi kukaa pembeni katika jambo kama hilo. Nguo mpya, mchele, mbuzi, posho ya ngariba, yote yana tarehe, na tarehe hiyo hupangwa na wazee kwa kuangalia mambo yao wala si kwa kuangalia kalenda ya mnada.

Mnunuzi wa nje ya mnada alikuja jioni, na pikipiki yenye kapu nyuma. Kwenye korosho watu wa namna yake tunawaita kangomba, kwenye ufuta tunawaita chomachoma, na Serikali imewapiga marufuku wote, kiasi kwamba kila msimu viongozi wa wilaya hutangaza kuwakamata. Huyu alikuwa kijana mpole, mtoto wa kijiji cha jirani, na alipiga hodi kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai sana, mama. Nimesikia mna shughuli wiki ijayo. Nami nikasema, shughuli haisubiri mnada."

Nilitoka barazani nikamhutubia. Nilimweleza sheria, nikamweleza bei za msimu uliopita, nikamwambia kwamba anawanyonya wazazi wake. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, macho yake yakiwa chini, na nilipomaliza mama alinigeukia akasema maneno matatu: "Basi toa wewe." Ilikuwa tarehe 14, mshahara wangu ulikuwa umekwisha kwenye ada na nauli, na mfukoni nilikuwa na shilingi 30,000. Zilihitajika 110,000. Nilikaa chini.

Akatoa kisado. Kisado kinajaa lita nne, na chake kilikuwa kikuukuu, kimebonyea nje kidogo kiasi kwamba kilikuwa kimetanuka. Alikijaza hadi pomoni, kisha akaongeza kilemba juu, akakitikisa ufuta ushuke, akaongeza tena kilemba, na kila mara ufuta uliomwagika pembeni alioufagia kwa kiganja uliingia kwenye kapu lake. Alikihesabu kila kisado kuwa kilo mbili na akakilipia shilingi 4,000. Mama alimpimia visado ishirini, akapokea shilingi 80,000, akaziunganisha na 30,000 zangu, na mbuzi akanunuliwa asubuhi yake.

Usiku ule niliazima mizani ya dukani na kisado cha jirani, nikakijaza kwa kilemba kama nilivyoona. Kilisoma kilo mbili na gramu mia nane. Visado ishirini ni kilo 56, si 40. Wiki tano baadaye kilo zetu zilizobaki ziliuzwa mnadani kwa zaidi kidogo ya shilingi 3,000, na baada ya makato tulibaki na shilingi 2,850 kwa kilo. Zile 56 zingetupa shilingi 159,600. Tulichofanya kwa hakika ni kukopa shilingi 80,000 na kulipa mara mbili yake baada ya wiki tano. Hakuna benki nchini ambayo ingethubutu kumtajia mama yangu riba ya namna hiyo, na kama ingemtajia angeondoka bila kuaga. Kwa kuwa ilikuja ndani ya kisado, haikuonekana.

Tangu siku hiyo nimeacha kupenda maneno ya majukwaani kwamba mkulima anayeuza kwa chomachoma hajaelimika. Mama anajua bei. Alijua siku ile kwamba kisado kile kinazidi, na alikitazama kilemba kikipanda kama ninavyokitazama mimi kipimo cha mafuta kituoni. Alichokuwa ananunua ni tarehe. Anayeweza kusubiri anaweza kukataa bei, na asiyeweza hana kura mnadani hata akinyoosha mikono yote miwili. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi walizikataa bei za mnada, na Novemba Serikali ikatangaza kuinunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tulishangilia, halafu tukasubiri miezi kulipwa, na katika kusubiri huko niliwaona waliokuwa na duka wakizidi kunenepa na waliokuwa na mikorosho peke yake wakiuza baiskeli.

Wapo watakaosema dawa ni malipo ya awali, nao watakuwa wameikumbuka nusu ya hadithi. Stakabadhi ghalani ilipoanza kwenye korosho, vyama vilikopa benki na mkulima alipata sehemu ya pesa alipopima, kisha akasubiri malipo ya pili. Utaratibu huo ulimfaa sana mtu wa shughuli ya Juni. Tatizo likawa soko likishuka chini ya kile kilichotarajiwa, malipo ya pili huja pungufu au hayaji, wakati mkulima amekwisha kuyatumia kichwani mwake. Na Aprili 2013 pale Liwale hasira juu ya malipo ya korosho ziliishia kwenye ghasia na nyumba za watu kuchomwa moto. Siwezi kuwalaumu waliouogopa utaratibu huo baada ya hapo. Ninachojiuliza ni kwa nini tuliruka kutoka kwenye kulipa sehemu kubwa mno hadi kutolipa chochote. Sheria yenyewe inaitambua stakabadhi ya ghala kuwa kitu kinachoweza kuwekwa dhamana ya mkopo. Ila stakabadhi hiyo hutoka kwa jina la chama, na karatasi anayobaki nayo mama nyumbani, yenye kilo zake na mhuri, haipokelewi popote isipokuwa chini ya godoro. Kama chama kingeweza kumkopesha mwanachama hata robo ya thamani ya alichopima, kwa riba inayosomeka, robo hiyo ingetosha mbuzi, na bei ikishuka kwa theluthi bado deni lingelipika. Nimelisema hili kwenye mkutano mkuu wa chama chetu mara mbili. Mara zote mbili liliandikwa kwenye muhtasari.

Basi nikaanza kufanya mwenyewe. Kila mwaka, kuanzia Januari, natenga kitu kidogo kwenye mshahara, na Mei nikija likizo nakuja na shilingi 200,000 ambazo namkopesha mama mavuno yakiwa bado kwenye chanja. Pesa ya mnada ikiingia kwenye akaunti yake ananirudishia, isipokuwa mwaka mmoja aliponirudishia kwa jogoo wawili na kusema tumalizane. Tangu hapo hakuna kisado kilichotoka kwetu. Turubai nalo nilinunua jipya.

Sikufikiria kwamba habari ingetembea. Mwaka huu, siku tatu baada ya kufika, mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuja usiku akiwa na tochi na ndoo iliyofunikwa kwa kanga. Tulisalimiana kwa kirefu, akauliza habari za Lindi, za kazi, za watoto, za mvua za pwani, na ilipofika hapo nikajua ana jambo. Mkewe alikuwa amelazwa, na alitakiwa apeleke shilingi elfu saba asubuhi.

"Yule kijana wa pikipiki nimemkwepa," alisema. "Nikasema, kwa nini nimfaidishe yeye na mwanetu yupo? Chukua wewe ufuta, unipe hiyo hiyo elfu nne nne."

Ndani ya ndoo kulikuwa na visado viwili. Nilimpa shilingi 10,000, nikamwambia aurudishe ufuta wake nyumbani na pesa atanipa mnada ukilipa. Alikataa katakata, yeye si ombaomba, alisema, na mtu hachukui pesa ya mtoto usiku na kuondoka na ndoo iliyojaa. Aliiacha pale barazani akaondoka na tochi yake. Mama, aliyekuwa amelala au aliyejifanya amelala, alicheka kutoka chumbani. "Haya, chomachoma," akasema. "Pikipiki utanunua lini?"

Alfajiri nilimkuta ameshaumwaga ufuta ule kwenye chekeche na anauondoa mchanga. Nilipomaliza kukata saa tatu niliupeleka kwenye chama, nikaomba uandikwe kwa jina la mzee. Karani akauliza kama nina uhakika, kwa mzigo mdogo kiasi hicho, nami nikamjibu aandike. Visado viwili, bila mchanga na bila kilemba: kilo nne na gramu mia tisa.